Kufungua DT175 ya zamani bila vifaa vya kiwandani

Swali: “Mzee ameniachia Yamaha DT175 ya tu-stroki. Nikiachia eksileta injini inachelewa kushuka, wakati mwingine inapanda yenyewe ikishapata moto, na chini kuna mlio. Nataka kuifungua mpaka krenki. Kitabu nilichopata kinataja kifaa maalumu cha Yamaha kila ukurasa wa pili, na nimezunguka Moshi na Arusha sijakiona hata kimoja. Fundi wa kijiweni anasema nyundo na tindo vinatosha. Vifaa vipi naweza kuvitengeneza mwenyewe, na vipi nisithubutu?” (Msomaji, Majengo, Moshi)

Ndugu yangu, fundi wako ana haki kwa nusu moja: kwa nyundo injini itafunguka. Kazi ni kuirudisha. Krenki ya DT175 si chuma kimoja. Ni magurudumu mawili mazito yaliyobanwa kwa presi kwenye pini ya konrodi, bila bolti wala kuchomelea. Ukigonga ncha ya shafti, magurudumu hayo husogeleana au hujipinda kwenye pini. Vitabu vya Yamaha vya mashine hizi huruhusu krenki iyumbe karibu 0.03 mm tu, na pigo moja la nyundo ya kilo moja linavuka hapo bila wewe kuona kitu kwa macho. Baada ya hapo utafunga beringi mpya, sili mpya, na pikipiki itatetemeka mpaka uichukie.

Vifaa vya Yamaha vinavyokutisha ni bolti, bamba na kipande cha bomba. Kinachofanya viwe “maalumu” ni kwamba aliyevichora alijua nguvu inaanzia wapi na inaishia wapi. Kabla hujakaza chochote ulichotengeneza, fuatisha nguvu kwa kidole. Ikiishia kwenye konrodi, kwenye beringi utakayoitumia tena au kwenye jino la gia, hicho kifaa hakijakamilika.

Ila usianze na pula, yaani kifaa cha kuvutia. Dalili yako ya injini kukawia kushuka na kupanda yenyewe ni ya hewa inayoingia mahali isipotakiwa, na mara nyingi ni sili ya krenki iliyokauka. Tu-stroki huvuta mchanganyiko kupitia chumba cha krenki, hivyo sili ikivuja petroli inakuwa pungufu kwa hewa iliyoingia, pistoni inapata joto na kushika. Pima uvujaji kwanza. Kifaa cha kupimia kinauzwa duka la vifaa vya hospitali: mashine ya presha ya damu, ile ya mshale na pampu ya mpira ya mkononi, si ya kidijitali. Mshale wake unafika 300, na milimita 300 za zebaki ni kama 0.4 bar, takriban psi 5.8. Hicho ndicho kiasi kinachotumika kupima chumba cha krenki. Ondoa kile kitambaa cha kufunga mkononi, ubaki na pampu, geji na mpira.

Toa kabureta na egzosti. Tundu la egzosti lizibe kwa bamba la alumini la 5 mm na kipande cha tyubu ya gari chini yake, ukikaza kwa bolti zilezile za egzosti. Kwenye mpira wa kabureta ingiza kizibo cha mti mgumu au cha plastiki kilichokerezwa kwa kipenyo cha shingo ya kabureta, kitoboe katikati, gundisha kwa epoksi kijibomba cha shaba cha 6 mm, kisha ukaze klipu. Hewa iingie hapo, upande wa kabureta. Ukiipampu kupitia tundu la plagi, vijani vya ridi (vali inayoruhusu hewa kuingia tu, isitoke) vinajifunga na kila kilicho nyuma yake, pamoja na mpira wa kabureta uliopasuka, hakitapimwa. Plagi yenyewe iache imekazwa mahali pake. Mrija mwembamba wa oili unaotoka kwenye pampu ya Autolube (inayoingiza oili ya tu-stroki kwenye injini yenyewe) uchomoe, uzibe tundu lake. Toa magineti (gurudumu la sumaku la kuzalisha umeme) ili uione sili ya kushoto, na shusha pistoni mpaka chini ili njia zote ziwe wazi.

Kabla ya yote ziba ncha ya mpira kwa kidole upandishe hadi 280. Ikishuka, kifaa chako ndicho kinachovuja. Kisha unganisha na injini, pandisha mpaka 280 au 300, subiri dakika sita. Injini nzima hubaki karibu hapohapo. Ikipoteza zaidi ya 50 kwa dakika kuna tundu la kutafuta. Paka maji ya sabuni kwa brashi kwenye gasketi ya chini ya silinda, kiungo cha hedi, kikasha cha ridi, mpira wa kabureta, na kuzunguka shafti upande wa magineti. Sili ya kulia huioni kwa sababu iko ndani, upande wa klachi. Fungua kifuniko cha kujazia oili ya giaboksi na utandaze povu la sabuni kwenye tundu: likivimba, hewa inapita hapo. Moshi mweupe mwingi na oili ya giaboksi inayopungua bila kudondoka chini ni ushahidi wa sili hiyohiyo. Usishawishike kutumia kompresa ya gereji. Zile bar 6 au 8 zinaisukuma sili nje ya kiti chake, na hapo utakuwa umetengeneza tatizo jipya.

Kama kinachovuja ni sili ya kushoto peke yake, inabadilishwa kutoka nje bila kutenganisha kesi, yaani zile nusu mbili za alumini zinazobeba krenki na gia. Mlio wa chini uupime ukiwa umetoa silinda: shika konrodi, ivute juu na chini. Ikicheza hata kidogo kwa mwelekeo huo, beringi ya pini imekwisha na krenki lazima itoke. Kuyumba ubavuni ni kawaida. Yamaha huweka 0.8 hadi 1.0 mm kwenye ncha ya juu kwa krenki mpya, na 2.0 ndiyo mwisho.

Sasa pula ya magineti, kwa sababu hata ukiishia kwenye sili utaihitaji. Magineti imekaa kwenye koni ya shafti na imeshikwa na mbano wa koni hiyo. Kile kifunguo cha nusu mwezi kazi yake ni kuonyesha mahali tu. Kwenye kitovu chake kuna nyuzi za ndani, na hizo ndizo za kuvutia. Usivute kwa pula ya kucha tatu kwenye ukingo, kwa kuwa ribiti za kitovu hulegea, na usigonge ukingo, sumaku hupasuka. Kwa Yamaha nyingi za ukoo huu nyuzi hizo ni M27 yenye pichi ya 1.0 (kipenyo 27 mm, uzi mmoja kila 1.0 mm), mkono wa kulia, lakini usimpelekee mkerezaji namba: mpelekee magineti yenyewe, ajaribishe hapohapo mashineni. Arusha mafundi wa kukereza utawapata mtaa wa Unga Limited. Moshi uliza chuo cha ufundi cha VETA na karakana za SIDO, shirika la viwanda vidogo.

Mwambie hivi. Mwili wa chuma cha bolti ya daraja 8.8, urefu wa 35 mm, nyuzi za nje 15 mm zilizoingia bila kuchezacheza, na nyuma pachongwe pande mbili za kushikwa na spana ya 32. Katikati patobolewe M12 na kuingizwa bolti ya 10.9, ncha yake ikerezwe iwe ya mviringo. Kati ya ncha hiyo na shafti weka kisahani cha shaba ili usitanue mdomo wa nyuzi za krenki. Paka grisi. Ingiza mwili wa pula mpaka mwisho wa nyuzi, maana ukiingiza mizunguko mitatu tu utazing'oa nyuzi za kitovu na hapo hakuna pula tena duniani itakayokusaidia. Kaza bolti ya kati mpaka iwe ngumu kweli, acha dakika tano, mwagia kitovu maji yaliyochemka, ongeza robo mzunguko. Itatoka kwa mlio kama bunduki ya kuchezea ya mtoto. Wapo wanaogonga kichwa cha bolti wakiwa wamekaza. Inafanya kazi, na beringi ya upande wa pili ndiyo inayolipa.

Nati ya magineti inahitaji kitu cha kuizuia isizunguke. Chukua flatibaa ya 25 kwa 6 mm, urefu wa 45 cm, itoboe matundu mawili yanayolingana na madirisha ya magineti, weka bolti mbili za M8 zilizokatwa. Urefu wa bolti usizidi unene wa magineti, kwa kuwa koili ziko nyuma yake kwa umbali wa kidole. Ile mbinu ya kuingiza kamba kwenye tundu la plagi iache kwa injini za foo-stroki. Humu kamba huingia kwenye matundu ya silinda, pistoni ikaikata, na nyuzi zake zikaenda kulala kwenye beringi.

Kwenye klachi kifaa bora kipo kwenye taka za mafundi wa bodaboda, mradi upate pleti za modeli yako. Pleti ya chuma hushika kitovu cha ndani kwa meno yake. Pleti yenye vibanzi vya msuguano hushika kikapu cha nje. Ukitaka kuzuia kitovu tu, chomelea flatibaa ya 40 cm kwenye pleti ya chuma iliyochakaa. Ukitaka kufunga vyote viwili pamoja, bandika pleti moja ya kila aina, toboa matundu manne, funga kwa ribiti. Kulegeza nati ya gia ndogo ya krenki, kunja bamba jembamba la shaba nyekundu mara mbili uliweke panapokutana meno ya gia mbili. Shaba inakubali kuumia, meno hayaumii. Bisibisi ikiwekwa hapo hugeuka kabari na kumega jino.

Pini ya pistoni huwa ndogo lakini ndiyo inayopinda konrodi nyingi. Toa klipu, kisha weka pasi ya umeme ya nguo juu ya pistoni dakika kumi (pasi ambayo hakuna mtu nyumbani atakayeiulizia). Alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma, pini inalegea. Isipotoka kwa kusukumwa na kidole, pitisha bolti ya M8 ya 15 cm ndani ya pini: upande mmoja washa (pete bapa ya chuma) ndogo kidogo kuliko pini, upande wa pili kipande cha bomba ambacho pini inaingia ndani yake bila kugusa, mdomo wa bomba ukiwa umevikwa ngozi ya kiatu ili usikwaruze pistoni. Kaza nati, pini inatembea kuingia bombani. Fuata kidole: nguvu imeanzia kwenye pini na kuishia kwenye pistoni, konrodi haijaguswa. Mdomo wa kesi uwe umezibwa kwa kitambaa tangu mwanzo. Klipu ikianguka humo ndani, utatenganisha kesi hata kama hukutaka.

Kuhusu kutenganisha kesi, soma kwanza kitabu kinasema nusu ipi inatoka na ipi inabaki na gia. Kifaa ni bamba la chuma la 10 mm, upana wa 40 mm, lenye tundu la M14 katikati na mipasuo miwili mirefu pembeni. Mipasuo ni muhimu kuliko matundu ya duara kwa kuwa utaweza kuisogeza mpaka ilingane na matundu yaliyopo kwenye kesi, ambayo mara nyingi ni ya M6. Bolti za M6 ziingie ndani ya alumini si chini ya 10 mm. Bolti ya M14 inasukuma ncha ya krenki, kesi inavutwa. Kila robo mzunguko, gusa kesi kwa nyundo ya mti karibu na shafti za gia, na angalia kama mwanya unafunguka sawa mbele na nyuma. Ukifunguka upande mmoja, simama, sawazisha. Ukikaza kwa hasira, nyuzi za M6 zitang'oka kabla kesi haijasogea. Bisibisi isiingizwe kati ya nyuso za gasketi hata mara moja. Mkwaruzo huo ndio utakaopitisha hewa uliyokuwa ukiitafuta kwa mashine ya presha.

Skrubu za vifuniko uzitazame vizuri kabla hujazilaumu. Injini za Kijapani za enzi hizo zina skrubu za msalaba za mtindo wa JIS (kiwango cha Kijapani), na bisibisi ya Phillips haikai mpaka chini, inateleza na kula kichwa. Hapa nunua bisibisi ya kugongwa na biti zake, usitengeneze.

Beringi hazihitaji kifaa, zinahitaji joto. Chukua mfano wa beringi namba 6305, yenye kipenyo cha nje 62 mm. Kesi ikipashwa kutoka nyuzi joto 25 hadi 110, kiti chake kinatanuka karibu 0.12 mm. Beringi ikilala kwenye friza ndani ya mfuko wa plastiki inasinyaa karibu 0.03 mm. Mbano wenyewe ni sehemu chache za mia za milimita, kwa hiyo beringi inadondoka mahali pake kwa uzito wake. Tumia oveni, au karai la mchanga juu ya jiko la mkaa. Moto wa gesi wa mafundi wa kuchomelea unapasha sehemu moja na kupinda kesi. Usijaribu kuipasha kwa kuichemsha majini: Arusha mjini maji huchemka kwenye nyuzi kama 95 na Moshi kama 97, na joto hilo kwa kesi nzito ni la mpakani. Dondosha tone la maji: likichemka kwa mlio na kukauka upesi, umefika. Andaa kila kitu mezani kwanza, una sekunde chache. Na unaponunua, soma ubavuni: kama ya zamani imeandikwa C3 (mwanya wa ndani mkubwa kuliko kawaida), mpya iwe C3. Duka likikupa isiyo na alama hiyo kwa maneno “ni ileile”, itabana injini ikipata moto.

Beringi ya shafti ya gia iliyokaa kwenye tundu lisilo na mlango wa nyuma ivute kwa bolti ya kupanuka, ile wanayofungia grili ukutani, ukichagua inayoingia kwa kubana kidogo. Au jaza grisi nyuma yake mpaka juu, ingiza kipande cha chuma kinacholingana na tundu, gonga. Grisi haina pa kwenda, inaisukuma beringi.

Kurudisha krenki ndipo watu wanapoharibu kazi nzuri. Inavutwa, haisukumwi. Unahitaji kipande cha bomba kinachokaa juu ya pete ya ndani ya beringi, bamba juu ya bomba, na fito yenye nyuzi iliyoungwa na shafti kwa nati ndefu. Mtego uko hapa: ncha ya krenki kwenye mashine hizi huwa na nyuzi laini, kama M12 ya pichi 1.25, na fito zinazouzwa madukani ni M12 ya pichi 1.75. Nati ya 1.75 inaingia mzunguko mmoja na nusu kwenye shafti, unadhani imeshika, unakaza, nyuzi za krenki zinakwenda. Mwambie mkerezaji atengeneze nati ndefu yenye nyuzi laini upande mmoja na za kawaida upande wa pili, kila upande 20 mm. Wakati wa kuvuta, konrodi iwe juu, na isukumesukume isije ikaegemea kesi.

Spana ya kupimia mkazo unaweza kuikwepa kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia nyama. Kilo moja ikivutwa kwenye umbali wa mita moja ni kama Nm 9.8, na vitabu vya zamani vya Kijapani vimeandika mkazo kwa kilo-mita, kwa hiyo huna hesabu ya kufanya. Kilo-mita 7 ni kilo 14 kwenye mpini wa nusu mita, ukivuta kwa pembe mraba na spana. Bolti za M6 za kesi, Nm 10, ni kilo 5 kwenye spana ya 20 cm. Mizani uihakiki kwa ndoo ya lita 10 za maji, usisahau uzito wa ndoo.

Yasiyotengenezwa nyumbani ni haya mawili. Kunyoosha krenki au kubadilisha konrodi yake kunahitaji presi, jozi ya vitalu vya V vya kulazia shafti, na geji ya mshale inayosoma sehemu ya mia ya milimita. Mpe mtu mwenye hivyo, na umwambie akuonyeshe mshale ukizunguka. La pili ni kupima silinda. Kipenyo cha 66 mm na mwanya wa pistoni unaohesabiwa kwa sehemu za mia za milimita havipimwi kwa kalipa ya venia wala kwa kuingiza fila (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya) pembeni.

Ukishafunga, rudia kipimo cha mashine ya presha kabla ya kurudisha kabureta. Kisha fungua skrubu ya kutolea hewa ya pampu ya Autolube mpaka oili itoke bila mapovu, na tangi la kwanza lichanganye: oili ya tu-stroki 250 ml kwa lita 5 za petroli, juu ya ile inayoletwa na pampu. Itatoa moshi. Endesha hivyo mpaka uone kiwango cha tangi la oili kimeshuka chenyewe.